Idara ya Kubakiza

Kazi yangu, miaka sita, ghorofa ya pili huko Rostock,
juu ya duka la vitanda,
ilikuwa kusema kabla.
Kabla hujaondoka, Bwana Prüss.
Kabla sijafunga faili lako.
Kabla hatujaagana, nina zawadi ndogo.

Tulikuwa kumi na wanane, vipokea sauti masikioni,
na ukutani karatasi ya Bwana Lüdtke:
ANAYETAKA KUONDOKA HAJASHAWISHIWA VIZURI.

Kuingia kulikuwa rahisi kama kupiga chafya:
mwezi wa kwanza bure, gusa hapa, karibu.
Kutoka, ilibidi upige simu
siku za kazi, saa tatu hadi saa sita,
usikilize kinanda dakika ishirini na mbili,
utaje namba ya mkataba
iliyoandikwa kwenye barua uliyoitupa,
ndipo unipate mimi,
Wiebke, mwenye sauti ya asali,
niliyelipwa euro mbili na nusu
kwa kila mtu aliyekata simu akiwa bado wetu.

Niliwasikia wote.
Fundi wa mapaa wa Güstrow aliyeanguka, akavunjika nyonga,
na ukumbi wa mazoezi ukazidi kumkata thelathini na nne kila mwezi
kwa vyuma asivyoweza hata kuvisogelea.
Binti aliyeshikwa na mafua, akataka filamu moja tu,
akaja kugundua miaka mitatu baadaye
kwamba filamu ile imemla baiskeli nzima.
"Sikukubali kuendelea," alisema.
Nikamsomea kifungu cha kumi na nne:
usiposema siku tisini kabla, umesema ndiyo.
Kwetu kimya kilikuwa na mwandiko,
kilikuwa na sahihi.

Haba na haba, naam, hujaza kibaba;
hakuna aliyeuliza kibaba cha nani.

Ottokar Prüss wa Wismar alipiga kila Februari
kukatisha jarida la treni za kuchezea.
Treni zenyewe alishampa mpwa wake.
Mwaka wa kwanza nilimpa punguzo.
Wa pili, kalamu yenye nembo.
Wa tatu hakutaja jarida mpaka dakika ya kumi;
alinieleza habari za paka wa jirani
aliyehamia kwake bila mkataba.
Nikambakiza. Nikapata mbili na nusu yangu.
Sijui nani alimbakiza nani.

Kisha sheria, mwezi wa Julai.
Haikuja na kishindo: aya chache, na kitufe.
Kitufe kionekane bila darubini,
kiseme neno lake waziwazi: KATISHA MKATABA HAPA.
Wala mkataba usijirefushe mwaka mzima gizani.
Aliyeingia kwa kidole atoke kwa kidole.
Bwana Lüdtke aliisoma mara mbili,
akapendekeza kijivu juu ya kijivu, chini kabisa ya ukurasa;
mwanasheria akamwambia, thubutu.

Kufikia Septemba simu zilikuwa zimekauka.
Tulibaki wanne.
Kinanda kilikuwa kikijipigia chenyewe.

Februari, namba ya Wismar.
"Nimekibonyeza," akasema.
"Uthibitisho umefika kabla sijavua miwani.
Ni kweli, au mtego?"
Nikafungua faili.
Ni kweli, Bwana Prüss.
"Hakikuuliza sababu."
Hakiulizi.
"Wala hakikunijulia hali."

Nje theluji ilikuwa imefunika bango la duka la vitanda,
ikaacha herufi mbili tu.
Ile karatasi ilikuwa bado ukutani, kona moja imebanduka.
Kinywa changu, kwa mazoea, kilishashika neno lake.
Nikalimeza.
Nikamuuliza paka anaendeleaje.

Tulipoagana, kompyuta ikaandika, kwa haki kabisa:
Mteja ameondoka.
Malipo ya mhudumu: sifuri.
Muda wa mazungumzo: dakika arobaini na moja.